Namba Yangu kwenye Chetezo cha Bibi

Zamani za Mwingereza, Dar es Salaam nzima ilikuwa na wachimbaji wawili tu wa mambo ya kale: Bwana mmoja Mzungu, na mie. Yeye alisoma kwao Ulaya miaka sijui mingapi. Mie nilisoma shule ya usiku pale Kariakoo, baada ya kazi, chini ya taa ya karabai iliyokuwa ikivuma kama mzinga wa nyuki. Tofauti nyingine kati yetu sikuiona, ila kwamba yeye alikuwa na kofia kubwa na mie nilikuwa na mwandiko mzuri.

Watu wa Buguruni, nilikopanga chumba, walikuwa na mashaka na kazi yangu. Kila nikirudi jioni na vumbi mpaka kwenye nyusi, walinisubiri barazani.

"Karani, leo mmechimba nini?"

"Vigae."

"Na jana?"

"Vigae."

"Yaani serikali imeacha barabara yetu hii, imewatuma nyie mkatafute vyungu vilivyovunjika? Njooni kwa mke wangu, atawavunjia vipya!"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilicheka nao, lakini moyoni nilijua wananionea wivu.

Kazi yenyewe ilikuwa upande wa kaskazini, mbele ya Kinondoni, kwenye kijiji kimoja karibu na njia ya Bagamoyo. Kulikuwa na magofu kichakani: msikiti usio na paa, kisima kilichojaa mawe, na makaburi ya zamani yenye minara. Bwana alichimba hapo viangazi viwili. Tulikata mahandaki yaliyonyooka kama yamepigwa rula, udongo tukauchekecha, na kila kitu kilichofanywa na mkono wa binadamu kikatiwa kwenye karai. Makarai yakaletwa kivulini, kwenye mkeka wangu. Hapo ndipo ilipokuwa ofisi yangu: ndoo ya maji, mswaki, kalamu, na chupa ya wino mweusi ambao ukishakauka hautoki tena.

Kazi yangu ilikuwa kuosha na kuandika namba. Kwa hesabu yangu, ambayo siwezi kuiapia, niliandika namba kwenye vigae vya kutosha kuezekea nyumba zote kutoka Ilala mpaka Temeke, na vikabaki vya jiko. Bwana alikuwa na sheria moja, na aliirudia kila asubuhi kabla hata ya salamu.

"Karani, kilichofika mkekani kinaoshwa. Kilichooshwa kinapewa namba. Wewe usichague. Kuchagua kazi yangu."

Sikuchagua. Niliosha, nikaandika. Na jinsi nilivyoandika! Mwalimu wetu wa shule ya usiku alitufundisha kuandika saba yenye mkia, na mie mkia ule niliukunja kama wa kinyonga. Ungeweza kuchanganya vigae vyangu na vya dunia nzima, ukazitambua saba zangu ukiwa umesimama ng'ambo ya barabara.

Nyumba iliyokuwa karibu zaidi na magofu ilikuwa ya bibi mmoja mfinyanzi. Bibi huyu ndiye aliyelitunza kaburi kubwa lililo katikati ya magofu. Alilifagia, alipalilia, na kila Alhamisi alasiri alifukiza ubani katika chetezo cha udongo alichokifinyanga mwenyewe, akakiacha hapo chini ya mnara, siku zote. Nilimuuliza aliyelala humo ni nani.

"Jina lake silijui," alisema. "Lakini ni jirani yangu."

Bwana alipomwomba ruhusa ya kuchimba, bibi aliweka sharti moja: kaburi lisiguswe, wala chetezo cha jirani yake. Bwana alikubali, na akatimiza. Alichimba kulizunguka kaburi kama mtu anavyokula ukingo wa mkate akaacha katikati yake.

Bibi alikuwa na mjukuu aliyemlea tangu mdogo, wazazi wake wakiwa wametangulia mbele ya haki. Nikisema binti yule alikuwa mzuri nitakuwa nimemdhulumu. Niseme tu kwamba siku ya kwanza alipopita mbele ya mkeka wangu na ndoo kichwani akitoka kisima cha kijijini, niliandika namba ileile kwenye vigae kumi na vinne mfululizo. Bwana alidhani nimeugua malaria.

Tangu siku hiyo nikashikwa na kiu. Kiu ya asubuhi, kiu ya adhuhuri, kiu ya wakati wa mvua. Maji ya kambini yalinishinda ghafla, ikawa ni maji ya mtungi wa bibi tu yanayonifaa. Binti akinichotea alikuwa akinitazama pembeni.

"Wee Karani, huo mwili wako umetoboka wapi?"

"Kwa nini?"

"Maji yote haya yanakwenda wapi?"

Kwa kunywa maji hayo nikazijua kazi za bibi kama ninavyozijua saba zangu. Wafinyanzi wa pande zile wote walipamba vyombo kwa kubonyeza kucha chini ya mdomo wa chombo, mstari mzima, mithili ya shanga. Lakini ukucha wa kidole cha shahada cha bibi ulipasuka kati tangu usichana wake, ukaota hivyohivyo. Kwa hiyo kila alama yake ilitoka mbili: vijistari viwili sambamba, vidogo kama nyayo za ndege. Mtungi, kikaango, kibia cha kufunikia, vyote vilikuwa na nyayo zile. Hakuna mfinyanzi mwingine aliyeweza kuziiga, labda kwa kujipasua ukucha.

Nikatuma mshenga. Ami zake binti walikubali palepale, lakini kila mtu alijua kwamba neno la mwisho ni la bibi. Na bibi alikuwa hajakataa. Alisema, "Tumalize kwanza kazi hiyo ya kuchimbachimba, kisha tuzungumze." Mie kwa kusikia hivyo nilikuwa nimekwisha oa, bado tu kuvaa kanzu.

Kazi ikaisha. Wiki ya mwisho mawingu ya masika yalikuwa yamesimama juu ya vichwa vyetu, tukachimba kama watu wanaokimbizwa. Makarai yalinijia mkekani kwa vikundi. Tukafunga makasha, lori likabeba, mvua ikanyesha. Alhamisi iliyofuata bibi alikwenda kufukiza ubani. Chetezo hakipo.

Aliniita. Nilimkuta amekaa barazani, binti amesimama nyuma ya mlango. Niliona ukingo wa kanga yake tu.

"Mwanangu, sikushitaki," alisema bibi. "Lakini nyie ndio mliokuwapo pale. Chetezo cha jirani yangu kiko wapi?"

"Wallahi, bibi, mkono wangu haukukigusa!"

"Haukukigusa?"

"Haukukigusa, wallahi."

Akainua kidole chake cha shahada. "Basi na mie naapa. Mjukuu wangu haolewi mpaka chetezo kile kirudi mahali pake."

"Lakini bibi, si ufinyange kingine? Mikono ndiyo hiyohiyo."

"Kile nilikwisha mpa. Wewe ukimpa mtu kitu, kikapotea mikononi mwa wageni wako, unamwambia chukua kingine?"

Jibu la hilo shule ya usiku hawakutufundisha.

Mwaka ukapita, na nusu ya pili. Posa yangu ilikaa palepale kama lori lililokwama. Nilikitafuta chetezo kile kila mahali. Wachimbaji wenzangu wote niliwatembelea kwa kisingizio cha kujulia hali. Nikikaribishwa chai nachungulia mvunguni. Mmoja mke wake alinifukuza, akidhani natazama kama amemficha mwanamume mwingine. Kila nilipokwenda kumwamkia bibi, aliitikia "Marahaba" kisha akatazama mikono yangu. Na binti, siku moja aliponifuata mpaka njiani kunirudishia kofia niliyoisahau, alisema kwa sauti ya chini, "Tafuta vizuri. Ami zangu wameanza kutajataja mtu wa Mbagala."

Mtu wa Mbagala! Nililala siku tatu sili, isipokuwa wali, na maharage, na samaki kidogo.

Wakati huo ndipo mjini ilipofunguliwa nyumba mpya ya makumbusho. Bwana aliniandikia barua. Naikumbuka yote, ilikuwa fupi: "Karani, njoo uone vitu vyetu." Vyetu! Niliisoma barua ile barazani Buguruni mpaka karatasi ikalegea kwenye mikunjo. Walewale walionicheka sasa wakanyamaza, wakaishika kwa ncha za vidole.

Siku ya kwanza waliingia wakubwa. Mie nilikwenda Jumatano yake, kanzu imepigwa pasi, koti juu, na viatu vya kuazima vilivyonibana mpaka nikawa natembea kama mtu mwenye cheo. Mlangoni kulikuwa na askari mzee mwenye kofia nyekundu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Nimekuja kuangalia vitu vyangu."

"Vitu vyako gani?"

"Vilivyomo humo ndani."

Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Asubuhi kaja mmoja kasema jengo lake. Pita, lakini usishike kioo."

Ndani, jamani! Sakafu ilikuwa inang'aa hata nikaona aibu kuikanyaga. Na kwenye kuta zote, makabati ya kioo, na ndani ya makabati, juu ya kitambaa cheupe kama wanavyolazwa watoto wachanga wa kifalme, vigae vyangu. Vyangu! Hiki nilikiosha siku ya upepo. Kile kilinikata kidole. Zile shanga za bluu nilizihesabu mara tisa kwa sababu binti alikuwa anapita. Machozi yalinitoka, nikajifanya napiga chafya.

Walikuwamo wazee wawili wa mjini na mama mmoja aliyekuwa amekiacha kikapu chake cha samaki kwa askari. Walikuwa wanatazama tu, hawasemi. Nikaona ni dhambi kunyamaza. Nikawaeleza. Kauri hii imetoka Uchina, imesafiri bahari zote ije kunywewa supu Kinondoni. Birika hili lilikuwa la tajiri mkubwa. Alikuwa na wake wanne na paka sabini. Hapo nilikuwa nimeongeza kidogo, lakini walifurahi.

"Na kile pale, mwalimu?" aliuliza yule mama, akinionyesha kabati dogo lililosimama peke yake katikati ya chumba, lenye kitu kimoja tu ndani yake.

"Mwalimu" ile ikanipandisha kichwa. Nikaenda mbele yao, nikainama, nikasoma kijikaratasi kwa sauti ya mnada.

"'Chetezo cha udongo. Kimepatikana vipande vitatu karibu na kaburi kubwa, kikaungwa. Chombo cha kale kupita vyote vilivyopatikana. Miaka mia tano au zaidi.' Mnaona, mabibi na mabwana? Miaka mia tano! Mikono iliyokifinyanga hiki—"

Hapo nikaona mstari chini ya mdomo wa chombo. Vijistari viwili, viwili, viwili. Nyayo za ndege.

Na kando yake, kwenye kila kipande, kwa wino mweusi, namba. Saba yenye mkia wa kinyonga.

"Mwalimu, mbona umenyamaza?" aliuliza mzee mmoja.

"Koo," nilisema.

"Mikono iliyokifinyanga imefanya nini?"

"Iko hai," nilisema, nikakaa chini kwenye sakafu ile inayong'aa, viatu na vyote.

Ndipo kumbukumbu ikanijia yote kwa mpigo, kama bomba lililofunguliwa. Ile wiki ya mwisho, mwenzetu mmoja, mchimbaji mwenye adabu zake, alikuwa anachimba karibu kabisa na kaburi. Alikiingiza chetezo kwenye karai tupu ili udongo usikimwagikie, akaja akaniambia, "Karani, karai lile la kaburini lina chombo cha bibi ndani. Kitoe kabla hawajamwagia vitu." Nami nikamjibu, "Haya, haya." Masikio yalisikia, lakini macho yalikuwa kwenye njia ya kisimani, na mnajua ni nani alikuwa anapita. Wenzangu wakamwaga vigae vizito vya tabaka la chini ndani ya karai lile. Chetezo kikavunjika. Mkekani kwangu vikafika vipande vitatu vyenye masizi. Mie sichagui. Nikavisugua kwa mswaki, macho bado yako njiani, mpaka masizi ya Alhamisi zote yakatoka, nikaandika saba zangu tatu, moja baada ya moja. Na Bwana akaviunga huko mjini, akafurahi.

Mkono wangu haukukigusa, wallahi! Mkono wangu ulikuwa umekisugua, umekikausha, na kutia sahihi.

Nilikaa pale nikiwaza. Kunyamaza kulikuwa rahisi: bibi hasomi, na mjini haji. Lakini kunyamaza ni kumkabidhi binti kwa mtu wa Mbagala. Nikawaza kusema nimekikuta kwa mwizi. Nikawaza kufinyanga kingine kwa siri. Hata nikautazama ukucha wangu wa shahada na kujiuliza patasi inauma kiasi gani. Kisha nikanyanyuka, nikavua viatu, maana kwa habari ile nisingeweza kuingia kwa mtu huku nimebanwa pande zote, nikabisha hodi chumba cha Bwana.

Alifurahi kuniona. "Karani! Umekiona chetezo?"

"Nimekiona, Bwana. Kina tatizo dogo."

"Kimepasuka?"

"Hapana, Bwana. Kina miaka kama mitatu."

Nilimweleza. Uso wake ulibadilika rangi, nyeupe ikawa nyekundu, nyekundu ikawa sijui niiite nini.

"Haiwezekani. Kimetoka tabaka la chini kabisa! Imeandikwa kwenye daftari."

"Bwana, kimetoka chini kabisa ya karai."

Akasimama, akakaa, akasimama. "Nimeandika kurasa kumi na mbili juu ya chetezo hicho, Karani. Zimepigwa chapa." Kisha akasema polepole, "Mlete huyo mama. Nitaamini nikisikia kwake."

Alasiri ileile nilipanda baiskeli mpaka kijijini. Nilimkuta bibi anakanda udongo. Sikuketi.

"Shikamoo, bibi. Chetezo nimekiona."

Mikono ikasimama. "Wapi?"

"Mjini. Kwenye kabati la kioo."

"Nani kakipeleka?"

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na kanga nikaiona. Nilikuwa nimetunga maneno njia nzima, maneno mazuri yenye karai na mvua ndani yake. Yote yakakimbia.

"Mie, bibi. Bila kujua. Lakini ni mie. Namba ni yangu."

"Uliapa."

"Niliapa."

Bibi akaosha mikono, akaingia ndani, akafunga mlango. Nikasubiri mpaka jua likainama, hakuna aliyetoka. Nikarudi Buguruni nikiisukuma baiskeli.

Asubuhi nilirudi bila matumaini. Bibi alikuwa amekaa barazani, amevaa buibui, ana kikapu mapajani.

"Twende," alisema.

Nilimpakia kwenye keria ya baiskeli. Kutoka kijijini hadi mjini ni maili kumi. Siku ile zilikuwa arobaini. Bibi alikuwa mwembamba, lakini alikaa kama mtu anayepima uzito wa dhambi zangu. Njia nzima alisema neno moja tu.

"Shimo."

Na alilisema baada ya shimo.

Mlangoni askari alimwamkia kwa heshima. "Shikamoo, bibi. Na wewe umekuja kuangalia vitu vyako?"

"Kimoja," alijibu bibi, akapita.

Bwana alikuwa anasubiri kando ya kabati, naye akasema "Shikamoo, mama" kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama mahandaki yake. Bibi aliitikia, akainama kwenye kioo. Nilimwona akitabasamu kidogo, kama mtu aliyemwona mtoto wake amevalishwa nguo za watu.

"Mama, kweli hiki umefinyanga wewe?" aliuliza Bwana. "Wafinyanzi wote hupamba kwa kucha. Hata wa zamani."

Bibi akatia mkono kikapuni, akatoa donge la udongo mbichi lililofungwa kwa jani la mgomba. Akalishika kiganjani, akabonyeza ukucha wake mara tano. Akampa.

Bwana alitoa kioo chake cha kukuzia. Akatazama donge. Akatazama chetezo. Akatazama donge. Mie nilikuwa nimeacha kupumua tangu mlangoni. Halafu mabega ya Bwana yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe kicheko! Alicheka mpaka askari akaja mbio kutazama, akacheka mpaka akalazimika kuegemea kabati la kauri za Uchina.

"Kurasa kumi na mbili, mama!"

"Umeandika nini humo kote?" aliuliza bibi.

"Kwamba mfinyanzi alikuwa fundi mkubwa."

"Basi hukukosea."

Bwana alimwomba akiache, atabadilisha kijikaratasi na kuandika habari zake. Bibi akatikisa kichwa. "Hiki si changu, bwana. Nikusaidie vipi kwa kitu cha mtu? Nitakufinyangia cha kwako, uandike unavyotaka." Bwana akatoa ufunguo. Alikitoa chetezo kwa mikono miwili, akampa bibi naye akakipokea kwa mikono miwili.

Kisha Bwana akaleta kichupa cha dawa ya kufutia wino, maana ilikuwapo kumbe, na mie muda wote sikujua. Nikanyoosha mkono haraka.

"Acha," alisema bibi.

"Nizifute, bibi. Dakika moja."

"Ziache hizo namba. Mwenye kaburi naye ajue ni nani aliyemchukulia."

Tukarudi. Kiatu kimoja kilichonibana nilikuwa nimekivua na kukisahau kando ya kabati, wala sikugeuka. Tulipopita Kinondoni, bibi akasema nyuma yangu:

"Ungeweza kuniambia umekinunua kwa mtu."

"Niliwaza hivyo, bibi."

"Najua uliwaza." Akakipakata kikapu vizuri, kisha: "Shimo."

Safari hii alilisema kabla.

Lakini juu ya posa, hakuna. Kijiji kikaonekana, hakuna. Nikaegemeza baiskeli ukutani, hakuna. Ilikuwa Alhamisi na alasiri imeingia, akaenda moja kwa moja kaburini, nami nikamfuata nyuma hatua tano, mguu mmoja una kiatu. Alifagia chini ya mnara. Akakiweka chetezo mahali pake, akakizungusha kidogo mpaka kikakaa sawa, saba zangu zikiwa zimetazama mbele. Akatoa ubani pembeni ya kanga yake, akangoja.

Binti akaja kutoka nyumbani na makaa ya moto juu ya kigae, anayapuliza polepole yasizime. Alifika, akasimama kati yetu, hajui ampe nani. Hakunitazama. Mie nilitazama chini, nikahesabu vidole vyangu vya mguu mmoja, na vikawa vingi kuliko kawaida.

Bibi hakugeuka wala hakupandisha sauti. Alisema tu, kama mtu anayeagiza chumvi:

"Mpe mumeo ashike."

Nikanyoosha mikono yote miwili, mitupu, nikakipokea kigae kile na moto wake wote. Binti aliniambia baadaye kwamba viganja vyangu vilifuka moshi, na kwamba nilisimama pale nacheka mpaka bibi akalazimika kuninyang'anya. Malengelenge nilikuwa nayo wiki mbili. Lakini kwamba kigae kilikuwa cha moto, hilo mie silikumbuki kabisa.